Tupeane uzoefu: Unajiandaaje na mbio zako za kwanza za baiskeli za kuteremka mlima?

Ukingo wa Newala (mleta mada)

Habari zenu wakuu.

Huku Newala vijana wa baiskeli tumekubaliana kwamba mvua zikiisha na njia ikikauka, tushindane kuteremka ukingo wa uwanda kuelekea bonde la Ruvuma. Hatutumii barabara kubwa, tunatumia njia ya miguu, ile ambayo wakulima na wachota maji wameipita miaka yote. Kila mtu anashuka peke yake. Juu anapigiwa saa, chini anasimamishiwa saa, mwenye muda mfupi ndiye mshindi. Karibu wote ni mara yetu ya kwanza.

Aliyewahi kusimama pale Shimo la Mungu akatazama chini mpaka Ruvuma na Msumbiji ng'ambo anajua nazungumzia mteremko wa aina gani. Na huu ni mchezo kamili. Mashindano ya dunia ya kuteremka yapo tangu 1990, yalianzia Durango, Colorado, Marekani. Mwaka 2013 yalifanyika Pietermaritzburg, Afrika Kusini, na bingwa akawa mwenyeji wa mji ule ule, Greg Minnaar, aliyemaliza tairi la nyuma likiwa limeisha upepo. Mbio yenyewe kwa kawaida ni dakika mbili mpaka tano tu, lakini maandalizi yake ni ya miezi.

Kinachonisumbua ni kwamba tangu habari zisambae, mazungumzo yote kijiweni ni mwendo. Nani ana mwendo, baiskeli ya nani inakimbia. Sijasikia mtu akiuliza nani anajua kusimama. Ndiyo maana nimeanzisha uzi huu. Naomba walioteremka kweli, iwe mashindanoni au kwenye shughuli zao, waseme walijiandaaje.

Naanza mimi. Maandalizi yangu makubwa ni kuitembea njia kwa miguu, tena kuanzia chini kwenda juu. Ukipanda unaona jiwe upande ule litakalokugonga. Ukishuka unaona mgongo wake tu. Kuna kona moja kwenye kichuguu kikubwa, kila mtu anapenda kupita kushoto kwa sababu pana nafasi. Nimeinama pale nikachota mchanga kwa mkono: bodaboda wameukoroga mpaka mkono unazama kufika kwenye kifundo. Gurudumu la mbele likiingia humo na kasi, linakwama, wewe unaendelea. Kulia ni pembamba, bega linakaribia mwamba, lakini ardhi ni ngumu. Hilo huwezi kuliona ukiwa juu ya baiskeli.

Karibuni.

---

Mzee wa Madumu

Wanangu, shikamoo zenu nimezipokea humu humu.

Mimi mashindano sijui, ila ukingo huo naujua. Kabla mabomba hayajafika kwetu, maji yalikuwa bondeni na sisi tulikuwa juu. Unashuka na baiskeli ya breki za fito, madumu matupu yanagongana nyuma, kisha unapanda unaisukuma imejaa. Wa huku juu wanaelewa maji yalivyokuwa shida uwandani kwetu.

Tuliyojifunza ni haya. Usikae kwenye kiti. Simama kwenye pedali, zote mbili ziwe sawa, moja isiwe chini, maana ya chini ndiyo itakayogonga kisiki. Magoti yalegee. Ukikaza mwili, kila jiwe linakuingia mgongoni na baiskeli inakurusha. Ukilegea, inacheza yenyewe chini yako na wewe umetulia juu.

La pili ni macho. Usilitazame jiwe unaloliogopa, utaligonga hilo hilo. Tazama pale unapotaka kupita, na ukishafika hapo macho yawe yamekwenda mbele tena. Wadogo zangu niliwafundisha hivyo kwa kuwaambia waniite majina ya miti iliyo mbele huku wanashuka: mkorosho, mwembe, mkorosho. Anayeita mti kwa sauti hawezi kuangalia gurudumu lake.

La tatu mlitilie maanani sana. Njia hiyo ina watu. Kuna mama na kuni kichwani, kuna mtoto na mbuzi, kuna bodaboda anapanda. Sisi tulikuwa tunapiga kelele "Njia! Njia!" kila kona, na bado tulikuwa tunakwenda taratibu kwa sababu mwenye mzigo kichwani hawezi kuruka pembeni. Siku ya mbio wekeni mtu mwenye filimbi kila kona, kila mmoja amwone mwenzake wa juu na wa chini. Nendeni kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji mapema, watangaze. Na wenye mikorosho muwaombe, njia inapita chini ya miti yao. Msifanye wakati wa kuokota. Bibo likianguka njiani likakanyagwa linateleza kuliko tope, halafu mtu yuko kwenye riziki yake ya mwaka mzima, haipendezi kumpitia na kelele.

---

Fundi Shangani

Mzee wangu shikamoo, umesema yote ya mwili, niachie chuma.

Niko Mtwara mjini, natengeneza baiskeli. Nimeshaanza kupokea vijana kutoka juu wanaotaka "baiskeli ya mashindano". Nyingi ni za mtumba zenye shokapu. Wanachoomba kwanza ni gia na cheni, mambo ya mwendo. Mimi naanza na breki, na anayekataa simkazii hata nati moja.

Kwanza, acheni tabia ya kung'oa breki ya mbele. Kusini hii baiskeli nyingi zina ya nyuma tu, watu wanaogopa kupinduka. Ukishuka, uzito wote unakuja mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo lenye nguvu ya kukusimamisha. La nyuma limebaki jepesi, ukilibana linateleza tu na kuchimba njia. Kinachopindua mtu ni kuibana ya mbele kwa ghafla huku kifua kiko juu ya usukani. Rudisha makalio nyuma, shusha visigino, bana kidogo kidogo kwa kidole kimoja kila mkono, vingine vibaki vimeshika usukani. Punguza mwendo kabla ya kona, ukiwa umenyooka. Ndani ya kona achia.

Pili, aina ya breki. Breki za kubana rimu zinafanya kazi, lakini kwenye mteremko mrefu ukizibana mfululizo rimu inapata moto mpaka tyubu inaweza kupasuka. Bana, achia, bana, achia, ipate nafasi ya kupoa. Kama una uwezo tafuta ya diski, ile inayobana sahani ya chuma katikati ya gurudumu badala ya rimu. Baiskeli rasmi za mchezo huu zina diski kubwa, upana wa kama milimita 203, wakati za kawaida nyingi ni 160, na sababu ni hiyo hiyo ya joto. Ukifunga pedi mpya usiende nazo mbioni moja kwa moja. Tafuta kilima kidogo, kimbiza, punguza bila kufunga gurudumu, rudia mara nyingi mpaka usikie inashika. Na mafuta ya cheni yasiguse diski hata tone. Pedi ikishanywa mafuta, nunua nyingine.

Tatu ni sisi wa pwani. Hewa ya chumvi inakula waya za breki kwa ndani, nje unaona safi. Juzi nilichomoa waya wa kijana mmoja hapa: ganda jipya linang'aa, ndani zile nyuzi ndogo zimeoza, zimebaki chache zinazoshikilia. Huo ulikuwa waya wa breki ya mbele. Badilisheni waya zote kabla ya mbio, bei yake ni ndogo sana kuliko kinachoweza kutokea.

Kisha kaza spoku, kagua nati za magurudumu, shusha kiti mpaka chini kabisa kisikugonge tumbo. Fremu iangalieni pale chini ya usukani. Kama rangi imepasuka mstari, hiyo baiskeli ibaki ya kuendea sokoni.

---

Mdau wa Tandahimba

Nafuatilia. Fundi, hiyo ya waya nimeenda kuangalia yangu sasa hivi, naileta.

---

Dada wa Masasi

Salaam kwenu nyote, shikamoo mzee.

Nimeishi Arusha na kule niliwahi kushiriki mbio za baiskeli za milimani zenye vipande vya kuteremka. Sasa nimerudi nyumbani Masasi, nafanyia mazoezi kwenye miteremko ya mawe ya milima yetu. Naongezea upande wa mazoezi, maana naona vijana wanapanga kuanza juu kabisa na kushuka mpaka mwisho kila siku. Siyo hivyo.

Gawa njia vipande. Chukua kipande kifupi kigumu, sukuma baiskeli juu, shuka polepole. Sukuma tena, shuka. Ukiona mwili hauwazi tena, ndipo unaongeza mwendo, na unahamia kipande kingine. Kuunganisha vyote kunakuja mwishoni. Kile kisichopitika salama kwa mwendo wa mtembea kwa miguu hakitapitika kwa kasi, hilo nimelihakikisha kwenye mawe ya hapa.

Jingine ambalo wageni wa mchezo hawalitegemei ni mikono. Mtu ana mapafu mazuri, ana miguu ya mpira, lakini kufika nusu ya mteremko vidole haviwezi tena kubana breki. Viganja vinawaka, mkono wa mbele umekuwa mgumu kama gogo. Mimi nilijikuta hivyo kwenye mteremko mmoja mrefu na nilisimama pembeni mpaka vidole vikafunguka. Pigeni pushapu, ning'inieni kwenye tawi, na kila mazoezi shukeni umbali mrefu kidogo kuliko jana. Halafu pumua! Wengi wanashuka wamebana pumzi.

Hofu nayo tuizungumze kwa heshima. Kuna sehemu ukifika mwili unakataa. Usiwasikilize wanaokushangilia. Shuka, tembea nayo, kaa pale uangalie wenzio wanapita wapi. Nimewahi kushuka kwenye baiskeli katikati ya mashindano nikatembea hatua chache kwenye ngazi ya mwamba, nikapanda tena, na nilimaliza mbele ya wengi waliolazimisha. Saa inahesabu mpaka mwisho, haiulizi ulipita vipi.

Na wasichana tuwekewe kundi letu. Nitakuja, na siji peke yangu.

---

Muuguzi wa Lindi

Nitasema machache ila naomba yazingatiwe kama breki za fundi.

Helmeti iwe ya kufunika uso mpaka kidevu, na ifungwe. Kwenye mashindano rasmi ya kuteremka ni lazima, bila hiyo huanzi. Taya na meno ndivyo vinavyotangulia mwamba. Ikishapata pigo kubwa haifai tena hata kama nje haina alama. Kinga za magoti na viwiko, glovu, viatu vya soli ngumu. Kandambili hapana kabisa.

Akianguka mtu, anayefika kwanza amsimamishe anayefuata juu, halafu ndiyo amwangalie majeruhi. Akilalamika shingo au mgongo, au hajitambui, msimnyanyue, msimvue helmeti kwa kuivuta, na msimpakie bodaboda katikati ya watu wawili. Nimepokea wagonjwa walioletwa hivyo na ile safari iliwaumiza kuliko anguko. Mwambieni atulie, mmoja ashike kichwa kisicheze, ita gari. Gari liwepo chini tangu asubuhi, na dereva awe anajua ni kituo gani cha afya kinapokea, kabla ya mtu wa kwanza kuondoka.

Aliyejigonga kichwa akawa anauliza maswali yale yale, anatapika au kichwa kinauma, mbio zake zimeishia hapo siku hiyo. Hata akisema yuko sawa. Hata kama ndiye anayeongoza.

---

Ukingo wa Newala (mleta mada)

Asanteni sana, mzee, fundi, na dada zetu. Habari ya mtendaji na mwenyekiti nimeichukua, naenda kuwaona kwanza kabla hatujatangaza tarehe. Kundi la wasichana lipo.

Fundi, swali: upepo wa tairi tuweke kiasi gani? Wengine wanajaza mpaka linalia kama ngoma, wengine wanasema liwe laini.

---

Fundi Shangani

Likiwa gumu sana linaruka juu ya kila jiwe na halishiki mchanga. Likiwa laini sana, jiwe linalibana tyubu kwenye rimu, unapata pancha ya matundu mawili yaliyo sambamba. Kwa mtu wa kilo 70 hivi, tairi pana lenye tyubu, anza na psi 30 (kipimo cha upepo kinachosomwa kwenye saa ya pampu) mbele na 33 nyuma. Nyuma siku zote izidi kidogo, ndiko kunakopigwa. Mzito aongeze. Kisha shuka kipande chenye mawe: ukisikia rimu inagonga "ko!", ongeza kidogo. Njooni na pampu yenye saa, kubonyeza kwa kidole gumba hakutoshi kwa kazi hii.

---

Mtu wa Rondo

Mmesahau upupu! Kiangazi kikikolea maganda yake yamekauka kando ya njia zetu hizi, ukiyapitia kwa mkono mtupu unawashwa mpaka unaachia usukani. Vaeni mikono mirefu na suruali ndefu, na siku chache kabla ya mbio mpite na mapanga msafishe pande zote mbili, hasa kwenye kona za ndani ambako bega linaingia vichakani. Mwenye kufyeka azibe pua na mdomo kwa kitambaa, na asimame upande upepo unakotoka.

---

Ukingo wa Newala (mleta mada)

Kweli kabisa, upande wa bonde upo mwingi. Tutafyeka Jumamosi ya kabla ya mbio, saa kumi na mbili na nusu asubuhi upepo haujaanza. Mwenye panga aje nalo, na wenye helmeti za uso mzima za ziada mniandikie hapa hapa, kuna vijana wanne hawana na bila hizo hawashuki.