Nawekaje sifa za betri na inverta kwenye duka la mtandaoni ili mteja alinganishe mwenyewe?

MuuzaSola: Wakuu habari za mchana, nina duka la vifaa vya sola hapa Mwanza na la mtandaoni nimelifungua kwa WooCommerce (programu ya duka ya WordPress), bidhaa kama 60 hivi. Sifa zote nimezibandika kwenye maelezo, nyingine nimepiga tu picha karatasi ya kiwandani, sasa mteja anakuta betri mbili zote 100Ah (ampea-saa, kipimo cha uwezo wa betri) ila moja bei juu sana na hajui kwa nini. Juzi mama mmoja kachukua ya bei rahisi akijua ni kitu kile kile, usiku friji ikazima, kesho yake kairudisha kwa hasira na kwa kweli nilimwelewa. Nataka mtu aziweke mbili pamoja aone tofauti. Nianzie wapi?

koda_wa_usiku: Mkuu usikimbilie plagini (programu ya nyongeza) ya kulinganisha, haitakusaidia kama sifa ziko kwenye aya na picha. Tengeneza kwanza atribyuti (sehemu maalum za kujaza sifa) za duka zima, sio ndani ya bidhaa moja moja maana hizo haziingii kwenye filta ya kuchuja bidhaa. Volti, uwezo, aina ya betri, warranti. Ukishajaza na kuruhusu zionekane, tebo inajitokeza yenyewe kwenye ukurasa wa bidhaa. Na uandishi uwe mmoja tafadhali, kuna duka nilikuta "100Ah", "100 AH" na "ampea 100", filta ikawa inaleta vitu vitatu, nilisafisha siku mbili nzima.

fundi umeme: Kaka ongeza mstari wa Wh (wati-saa, yaani umeme wote uliomo kwenye betri), kesi ya huyo mama iko hapo. 12V mara 100Ah ni 1,200Wh, lakini betri ya asidi au jeli ukitaka idumu unatumia nusu tu, 600 hivi. Lithiamu ya 12.8V 100Ah ni 1,280 na hata ukila asilimia 80 bado unapata zaidi ya 1,000. Ah sawa, kazi sio sawa!! Huo mstari uweke juu kabisa, uite "umeme utakaoutumia". Kwenye inverta tenganisha wati za muda wote na zile za kuwashia, maana kompresa ya friji ikianza inavuta mara kadhaa ya kawaida, na wauzaji wengine wanaandika ile namba kubwa peke yake, inaniuma sana hii.

Dada Mwajuma: Mimi nanunua kwa simu, tebo ikiwa pana nasukuma kulia mpaka nasahau nilikuwa nasoma mstari gani. Weka bidhaa mbili tu kwa wakati, jina la sifa likae juu ya namba zake, na kuwe na kitufe cha kuficha zinazofanana. Pasipo na taarifa andika "kiwanda hakijataja", ukiacha wazi nahisi unanificha kitu.

MuuzaSola: Asanteni sana, nimeanza na betri leo hii. Hapa nina jeli mbili, zote 100Ah, moja imeandikwa C10 nyingine C20, nayo niiweke?

fundi umeme: Iweke, tena karibu na Ah. C20 imepimwa ikimalizwa kwa saa 20, C10 kwa saa 10, na betri ukiimaliza haraka inatoa pungufu. Kwahiyo hiyo ya C10 ndo kubwa, ile nyingine ukiipima kwa saa 10 haifiki 100.