Ushauri: Vioo vya saluni vinatoka kijivu kwenye picha, ninunue kadi gani?

Renda_Mwanga
Wakuu, habari za jioni. Niko Kigoma mjini, nachora nyumba na vyumba kwa kompyuta ili mteja aone kabla fundi hajaanza. Nina kazi ya saluni ya kike. Marumaru, taa na viti vimekaa vizuri, ila vioo vinatoka kijivu kama bati. Kompyuta yangu haina kadi ya picha ya maana. Kwa milioni moja na laki nane nichukue ipi? Nina haraka, usingizi sipati.

Mgebuka_Mkavu
Tafuta iliyotumika, yenye kumbukumbu ya GB 8 kwenda juu. Mimi niliuziwa moja Kariakoo ikazima wiki ileile, muuzaji hapokei simu mpaka leo. Nilimfuata mpaka dukani, nikakuta anauza vitenge!

Mama_Gungu
Mwanangu, hiyo ni mtaji wa dagaa pale Kibirizi. Hela ni yako au ya mkopo?

Mwale_Mmoja
Kabla ya kadi: unarenda, yaani unageuza mchoro kuwa picha, kwa programu gani, injini ipi?

Renda_Mwanga
Blender, injini ya kawaida tu. Wakuu, nimeuliza kadi.

Mwale_Mmoja
Blender ina injini za kutengeneza picha, Eevee ya haraka na Cycles ya polepole. Ya kawaida ni ipi? Jibu lote liko hapo.

Renda_Mwanga
Eevee. Cycles naijua, inachelewa mno, na umeme wetu mnaujua. Halafu vioo viko kuta mbili zinazotazamana.

Mwale_Mmoja
Basi kadi haikutibu. Eevee kwa kawaida hutafuta taswira ya kioo kwenye kile ambacho kamera imeshakiona. Viti vilivyo nyuma ya kamera havimo, kwa hiyo kioo hakina cha kuonyesha. Unaweza kuweka kifaa chake cha kioo bapa, kinachochora chumba mara ya pili kama vile kamera iko upande wa pili wa kioo. Ukuta mmoja utapona, ila vioo vinavyotazamana vitakushinda.

Cycles inafuata mwale wenyewe: unatoka kwenye kamera, unagonga kioo, unadunda kwa pembe ileile uliyoingia nayo, unaendelea mpaka ukutane na kiti au taa. Mtafiti wa picha za kompyuta, Turner Whitted, alieleza mbinu ya kufuata midundo hivyo mwaka 1980, na picha yake moja ilichukua zaidi ya saa nzima kwa kompyuta za enzi zile. Yako ni picha moja tu. Iache usiku.

Ziwa_Letu
Mimi ninachokipenda ni maji. Ukiwa kwenye mtumbwi ukatazama chini moja kwa moja, maji yanarudisha kama asilimia 2 tu ya mwanga, unaona mpaka mawe. Inua macho kuelekea Kongo, ziwa lote linageuka kioo. Wachoraji wengi wanakosea hapo.

Mama_Gungu
Hujanijibu.

Renda_Mwanga
Ni upatu wa mke wangu, zamu yake imefika. Ameridhia. Na laki tisa nimeshatanguliza kwa mwenye duka, mzigo uko njiani. Mwanamume hawezi kurudi nyuma kwa neno lake.

Bachela_wa_Katubuka
Mke anakupa upatu ununue kadi ya kompyuta? Ana mdogo wake?

Shahidi_wa_Reli
Hii ni chai. Vioo viwili vinavyotazamana ni swali la darasani. Mwanafunzi anatafutiwa majibu hapa, mke na upatu ni chumvi.

Renda_Mwanga
Kaka, kioo kikubwa kinatoka Dar, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Kikipasuka njiani hasara ni ya mwenye saluni. Anataka kuona kama kuta zote mbili ni lazima au mmoja unatosha. Vioo ndiyo kazi yenyewe!

Shahidi_wa_Reli
Tupia picha.

Renda_Mwanga
Ni ya mteja, siwezi.

Shahidi_wa_Reli
Nilijua.

Mwale_Mmoja
Iwe kweli au chai, jibu ni lilelile. Cycles, sampuli 128 (miale ya majaribio) kwa kila nukta ya picha, washa kisafisha chembechembe zinazobaki kwenye picha. Anza na picha ndogo.

Renda_Mwanga
Nimeamka nayo. Viti vinaonekana! Ila taswira zikijirudia mara nne, mbele ni giza tupu.

Mwale_Mmoja
Midundo ya vitu vinavyong'aa imewekwa 4. Ipandishe mpaka 12. Na kioo usikipe weupe kamili, kipe 0.9 chenye ukijani kidogo. Ukifika mdundo wa kumi itabaki theluthi moja hivi ya mwanga, na ndivyo saluni za kweli zinavyoonekana. Sasa rudi dukani ukaombe hela yako.

Renda_Mwanga
Kadi naichukua. Mteja akipenda picha atataka video, na video ni picha 24 kila sekunde.

Mwale_Mmoja
Ameiomba?

Renda_Mwanga
Bado.

Mama_Gungu
Na mke anajua laki tisa imeshaenda?

Renda_Mwanga
Kadi anaijua. Ya laki tisa nitamwambia akitoka Ujiji, nikiwa na picha ya kumwonyesha.