YULE MWALIMU WA KAMERA KAFUTA KIOO KWA SHATI!!! SHATI JAMANI!!!

Mzee wa Fokasi (mleta uzi)

Wakuu, leo sina hata salamu. Namsema nani mnamjua. Yule wa darasa la siku moja la DSLR, zile kamera zenye kioo ndani na lenzi ya kubadilisha, anayevaa miwani ya jua mpaka ukumbini usiku. Video aliyoirusha asubuhi hii nani hajaiona?

Binti wa watu kaja na Canon 2000D mpya, nailoni ya skrini haijabanduliwa. Kauliza swali la maana kuliko yote yaliyowahi kuulizwa pale: nikichungulia naona kidoa cheusi, mbona kwenye picha hakipo? Jamaa kachomoa lenzi, kaielekeza kamera juu kama anakinga maji ya mvua, kapuliza FUUU kwa mdomo. Halafu kavuta pindo la shati KAFUTA KIOO, kile cha ndani kinachopandisha picha kwenye dirisha la kuchungulia. Shati la jasho la Dar, saa saba mchana! Na akamalizia, "Sasa iko safi, mpya kabisa." Ilikuwa mpya kabla hujaishika wewe!

Kile kioo si cha kuchania nywele. Rangi yake ya fedha iko usoni kabisa, haina glasi ya kuikinga. Punje moja ya mchanga kwenye uzi wa shati inachora mstari ambao hautoki mpaka kioo kibadilishwe. Juu yake kuna bamba la fokasi, pale picha inapotua ukichungulia, plastiki laini, hilo ndilo linachubuka hata kwa kitambaa cha miwani. Na mate aliyopuliza yanatua humo humo ndani.

Jibu la yule binti lilikuwa sentensi mbili. Kidoa unachokiona ukichungulia na hakipo kwenye picha ni vumbi la kwenye bamba au kioo: puliza kwa kipira cha kupulizia hewa, kikigoma kiache, hakidhuru. Kidoa kilichopo kwenye picha na hukioni ukichungulia kiko kwenye sensa, kile kibapa cha ndani kinachonasa picha. Basi!

Na cha sensa kina utaratibu wake. Weka Av (wewe unachagua tundu la lenzi, kamera inachagua kasi), tundu dogo la f/16, ISO 100 (wepesi wa kunasa mwanga), piga ukuta mweupe huku fokasi umeitoa kabisa, kisha kuza picha kwenye skrini. Ukiona madoa, chaji betri mpaka ijae, ingia kwenye menyu uchague kusafisha kwa mkono, kioo kitanyanyuka chenyewe. Inamisha kamera mdomo utazame CHINI, puliza kwa kipira bila ncha yake kuingia ndani. Betri ikiisha katikati ya kazi, shata, yaani pazia la mbele ya sensa, inajifunga na unaweza kuiharibu, ndiyo maana ya kujaza chaji. Makopo ya hewa ya kusafishia kompyuta usisogeze, yanatema majimaji ya gesi.

Mdomo chini ili vumbi lidondoke. Yeye kaelekeza juu. Halafu SHATI.

Bado hajatosheka, anamwambia binti abaki kwenye ile alama ya kijani, kamera ijiamulie kila kitu, maisha yake yote, eti herufi nyingine ni za wataalamu. Kwa hiyo akienda kupiga harusi, shela jeupe likijaa kwenye fremu, kamera inadhani pamezidi mwanga, inatia giza, na uso mweusi wa bibi harusi unazama. Dawa ni ndogo: zungusha kwenye Av, shikilia kitufe cha Av chenye alama ya kujumlisha na kutoa, zungusha gurudumu mpaka +1. Kwa lenzi ya 18-55 ukiwa umevuta mpaka 55, angalia kasi ya shata isishuke chini ya 1/125 ya sekunde, ikishuka panda ISO 800, 1600, hata 3200. Picha yenye chengachenga inaangalika, iliyotikisika haiangaliki. Hayo ndiyo ya kufundisha kwa hela za watu. Yeye kafundisha kufua kioo kwa shati!

Chumvini

Pale anapovuta pindo nimefumba macho. Na angalieni vizuri, anakandamiza kwa dole gumba! Kioo kile kimekaa kwenye bawaba nyembamba, kikisogea kidogo tu, unachokiona kwenye dirisha na kilichopo kwenye picha havilingani tena kwa fokasi.

Mbishi wa Gongo la Mboto

Povu lote hili kwa kioo? Mleta uzi, kioo kinanyanyuka kabla picha haijapigwa. Kikwaruzwe, kipakwe hata masizi, kwenye picha hakitokei. Unalia msiba usio na maiti. Kanywe maji ulale.

Mzee wa Fokasi

@Mbishi, na fokasi inapatikana wapi? Katikati ya kioo kile panapitisha mwanga kidogo, unakwenda kwenye kioo kidogo cha nyuma yake, kinaushusha chini kwenye kifaa cha fokasi. Ukipachafua hapo, lenzi inahangaika mbele nyuma kwenye mwanga hafifu. Haya niambie, mafuta ya shati yanapitisha mwanga?

Mbishi wa Gongo la Mboto

Atumie skrini ya nyuma, pale kioo kimenyanyuliwa, fokasi inasomwa kwenye sensa yenyewe. Umeshindwa hoja, unapiga kelele za shati tu.

Dada wa Nikon

Huyo wa shati mnamwonea bure, wezi wakubwa ni wauza lenzi. Mtu ana Nikon D3500, anauziwa 50mm f/1.8D, anaambiwa "inaingia bila shida". Kuingia inaingia! Lakini D3500 haina mota ya fokasi ndani ya bodi, na lenzi ya D haina mota yake, kwa hiyo fokasi ni ya kuzungusha kwa mkono mpaka kitone cha kijani kiwake chini ya dirisha. Mwenye Nikon yoyote ya familia ya D3000 au D5000 atafute iliyoandikwa AF-S, ina mota yake; AF-P nayo inayo, ila kwenye za zamani kama D3000, D3100, D3200, D5000 na D5100 fokasi yake haifanyi kazi. Na hao wauzaji wanajua.

Bwana Flashi

Dada, ya kwako angalau inazungushika. Canon 250D wameiondolea pini ya katikati pale pa kuchomekea flashi. Trigga za kawaida za studio, zile za kuwashia flashi kwa mbali, zinakaa vizuri juu yake na haziwaki. Wateja wanarudisha trigga nzima wakidhani ni mbovu. Ukinunua, geuza macho pale juu kwanza: hakuna kidoti cha chuma katikati, jua ni flashi za Canon tu au zilizotengenezwa kuongea nayo.

Mzee wa Fokasi

Jamani uzi ni wa SHATI. Anafuta, anatabasamu, ANAFUTA TENA.

Chumvini

Memori kadi feki je? Imeandikwa GB 128, ndani ina GB 8. Picha za mwanzo zinafunguka, zilizobaki ni kijivu. Ijaze yote kwa H2testw, programu ya kupima kadi, kwenye kompyuta kabla ya kazi, ikisoma makosa irudishe dukani siku hiyo hiyo.

Mbishi wa Gongo la Mboto

Hapo kwenye kadi nakuunga mkono. Halafu wazifomati ndani ya kamera, wasifomati kwenye kompyuta.

Bin Pwani

Nyie mna shida ndogo. Sisi wa Mombasa tunapambana na kuvu. Unamulika tochi nyuma ya lenzi unakuta nyuzi kama za utando, kuvu imeshatafuna rangi iliyopakwa kwenye kioo cha lenzi. Na duka linakupa begi la ngozi eti zawadi! Ngozi inashika unyevu.

Dada wa Nikon

@Bin Pwani, begi ni la kubebea, si la kulazia. Lenzi ilale kwenye kopo la plastiki lenye mpira kwenye kifuniko pamoja na silika, vile vipunje vya kunyonya unyevu, na kipima unyevu kidogo ndani, kisome asilimia 40 hadi 50.

Bin Pwani

Wengine wanaweka mchele badala ya silika, unafaa?

Dada wa Nikon

Usiweke! Mchele una unga, unaingia kwenye pete ya kuzungushia. Nunua silika ya rangi ya chungwa, ikigeuka kijani ipashe kwenye oveni moto mdogo mpaka rangi irudi, kisha iache ipoe ndipo uirudishe.