Tupeane uzoefu: plastiki "iliyopotea" shambani kwako ilienda wapi?

JembeButu: Wakuu, naanza mwenyewe. Misimu mitano nilitandaza nailoni nyeusi kwenye matuta kuzuia magugu na kutunza unyevu. Kazi ilifanya, sina ubishi. Balaa ni kuitoa. Jua lilishaikausha, ukivuta pembe inabaki mkononi. Nikachoka, nikailimia humohumo nikijisemea itaoza. Msimu uliofuata nikakuta vipande vya ukubwa wa kiganja, halafu vya ukucha, sasa ni kama mba mweusi kwenye udongo. Kikishuka chini ya milimita 5 kinaitwa maikroplastiki, na hapo hakuna reki ya kukiokota. Ninyi je?

MamaMiche: Mimi ni viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche. Nilikuwa napasua na kuvizika shimoni pamoja na mche. Sina la kujitetea.

MzeeWaMboji: Yangu inauma zaidi kwa sababu nilidhani natunza mazingira. Nilinunua mifuko iliyoandikwa kuwa inaoza, nikaitupia kwenye lundo la mboji pamoja na vifuko vya majani ya chai. Baada ya mwaka nikachekecha: wavu wa vifuko upo mzima, mifuko imekuwa vumbi. Vumbi, siyo udongo! Kumbe aina ile hutiwa dawa ya kuifanya ivunjike tu. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kuanzia Julai 2021. Na ile inayotengenezwa kwa wanga wa mimea mingi yake hutaka joto la nyuzi karibu 60 kwa wiki kadhaa. Lundo la nyumbani haliwezi kulishikilia hilo.

Mbishi_kidogo: Mazao yangu yanastawi. Tatizo liko wapi?

ShimoLaNguzo: Mkuu, nilichimba shimo la nguzo, chini kabisa jembe lisikofika, nikakuta nyuzi za magunia ya sandarusi ndani ya njia ya nyungunyungu. Wanashusha wenyewe. Mwaka 2016 watafiti wa Uholanzi waliwalisha nyungunyungu majani yaliyochanganywa na plastiki: wakadumaa, wengine wakafa. Kweli kipimo kilikuwa kikubwa kuliko mashamba mengi, hapo una haki ya kubisha. Ila plastiki huongezeka kila msimu na haipungui.

JembeButu: Tena nyuzi zinabadili jinsi udongo unavyoshikana na kushika maji. Udongo mmoja unalegea, mwingine unaharibika. Ndiyo maana hata majibu ya utafiti yanapishana. Siku hizi natoa nailoni mapema, asubuhi udongo ukiwa na unyevu, kabla haijawa karatasi.

Fyekeo: Nafyeka kwa mashine ya uzi wa nailoni. Uzi unalika, naongeza mwingine, rola la tatu hili tangu mwaka uanze. Sikuwahi kujiuliza yale mawili ya kwanza yako wapi mpaka leo.