Ukingo wa mfarishi wa viraka: kona inavimba, pembeni panapiga mawimbi

Kiraka_kwa_Kiraka
Habari zenu mafundi. Nina mfarishi wa viraka vya kitenge, sm 150 kwa 200, katikati pamba nyembamba, nyuma shuka la pamba. Matabaka yote nimeshayashona pamoja, kilichobaki ni kuzungushia ukingo. Upande wa kwanza nilikata utepe wa sm 5, nikaukunja katikati, nikashona sm 1 kutoka ukingoni. Matokeo: ukigeuzwa nyuma haufuniki mshono, kona imekuwa kama kifundo, na pembeni pote panapiga mawimbi. Nimefumua. Utepe uwe na upana gani, urefu gani, na ni lazima ukatwe mshazari?

fundi_pindo
Hilo la kutofika nyuma ni hesabu tu. Sm 5 ukikunja unabaki na 2.5. Sm 1 imeenda kwenye mshono, nyingine 1 inaonekana mbele, unene wa mfarishi umekula robo. Nyuma kimebaki nini?

Kata sm 6.5. Ukikunja ni 3.25. Shona milimita 7.5 kutoka ukingoni, usizidishe. Nyuma itaangukia kama sm 1.5, inafunika mshono na kuzidi. Kama ndani ungekuwa umeweka pamba nene, ningesema 7.

Urefu: mzunguko wako ni sm 700, ongeza 30 za kona na maungio, 730. Kitenge cha upana wa sm 115 ukitoa mapindo ya kiwandani unabaki na 111 hivi. Kata vipande saba. Viunge kwa mshazari, si kichwa kwa kichwa, ili unene wa maungio usirundikane mahali pamoja. Kila ungio litakula sm 6.5, kwa hiyo utapata kama 738. Nusu mita ya kitambaa inatosha, ila ukate bila kubahatisha. Ifue kwanza! Kitenge chekundu au cha nili kinachochuja kitakuharibia shuka la nyuma siku ya kwanza ya kufua.

Mshazari si lazima. Watu wengi huita kila utepe "baiasi", lakini baiasi ya kweli ni ile iliyokatwa kwa pembe ya nyuzi 45, na unaihitaji pale tu kona zinapokuwa za mviringo. Ukingo ulionyooka unataka utepe ulionyooka, hauvutiki ovyo.

Meno_ya_Cherehani
Naongezea kuhusu mawimbi, maana hayo hayaponi kwa kubadili upana. Meno ya cherehani yanavuta tabaka la chini, mguu wake unaokandamiza kitambaa unasukuma la juu, na ukingo wa viraka una vipande vilivyokatwa kila upande, vingine vya mshazari. Vinatanuka.

Kabla ya kugusa utepe, piga mshono mrefu wa milimita 4 kuzunguka mfarishi wote, milimita 4 kutoka ukingoni. Huo utajificha ndani. Kisha pima upana mahali patatu: juu, katikati, chini. Kama katikati ni 150 na juu ni 152, ukingo umeshatanuka. Vuta kidogo uzi wa huo mshono mrefu mpaka urudi 150, halafu piga pasi ya mvuke kwa kukandamiza, usiiburute.

Punguza pia mgandamizo wa mguu kwa kulegeza skrubu iliyo juu yake, na weka sindano namba 14. Kama una mguu wenye meno yake ya juu, ndio mahali pake. Utepe ulale bila kuvutwa. Ukiuvuta, tatizo linageuka: mfarishi unajikunja kama sahani.

Kiraka_kwa_Kiraka
Asanteni sana. Na kona? Halafu mwisho wa utepe unakutana vipi na mwanzo?

fundi_pindo
Usianzie konani. Anzia katikati ya upande, uache sm 25 za mwanzo zikining'inia. Ukikaribia kona, simama milimita 7.5 kabla ya ukingo, ileile ya mshono wako, rudisha mshono nyuma tundu mbili tatu, kata uzi. Ukizidisha tundu mbili tu, kona haitageuka, itajikunyata.

Sasa kunja utepe uelekee juu, ufanye mshazari, makali yake yawe mstari mmoja na upande unaofuata. Ushushe tena juu yake mwenyewe, kunjo la juu lilingane sawasawa na ukingo uliotoka kuushona. Anza kushona kutoka pale ukingoni. Pembe ndogo ya utepe inayobaki imesimama ndiyo itakayofunika kona, usiikate. Kifundo chako huenda kinatokana na pamba iliyovuka ukingo: punguza matabaka yalingane kabla ya kushona.

Mwisho: simama ukiwa umebakisha pengo la sm 30. Laza ncha mbili zipishane sm 6.5 kamili, yaani upana wa utepe kabla ya kukunjwa, na ukate hapo. Zikunjue, ziweke uso kwa uso zikiwa pembe mraba, bana kwa pini, shona kona hadi kona. Kabla ya kupunguza kitambaa kilichozidi, rudisha utepe mahali pake uone kama haujajisokota. Wengi hupunguza kwanza, wakagundua baadaye.

Meno_ya_Cherehani
Nyuma malizia kwa mashine. Ukitaka hivyo, mara ya kwanza shona utepe upande wa nyuma, uulete mbele, upige mshono milimita 2 kutoka kwenye kunjo.

fundi_pindo
Kwa mfarishi wa mtoto unaofuliwa kila wiki, sawa. Huu wa kitandani mimi ningeshona kwa mkono: uzi mmoja wa sm 45, ukizidi hapo unajifunga mafundo, tundu kila milimita 4, sindano ichukue shuka na pamba tu, isitokee mbele. Konani kunja kwanza upande uliolala kinyume na kunjo la mbele, ili unene ugawanyike pande mbili.