Tupeane uzoefu: ulimtumainije Mungu hofu ilipokushika na maisha yakabadilika?

#1
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nimeachishwa kazi, na kila ninayemweleza ananijibu "usiogope, mwamini Mungu." Amina, nimepokea. Ila bado naogopa, hasa usiku. Mistari ninayo, ninachoomba ni mliopitia mtusimulie mlilalaje, mliombaje.

#2
Pole mpendwa. Mimi nilifiwa na mume watoto wakiwa wadogo. Kuomba kulinishinda kabisa, nikifumba macho maneno hayaji. Nilibaki na Zaburi 56:3 tu, "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Daudi hasemi hofu imekwisha, kichwa cha zaburi kinaeleza kuwa Wafilisti walikuwa wamemshika huko Gathi. Nikawa nausema nikifua, nikipika. Kina mama wa maombi walikuja nyumbani wakaomba, mimi nimekaa kimya. Kwa muda ule niliishi kwa imani yao, wala sioni aibu. Yule mwenye kupooza wa Marko 2 naye alibebwa na watu wanne mpaka kwa Yesu.

#3
Mimi nilihamia nchi ya ugenini. Kila mtu alinitumia Yeremia 29:11, pale Mungu anaposema anawawazia watu wake mawazo ya amani. Siku moja nikasoma sura nzima. Kumbe ile ni barua kwa mateka walioko Babeli, na mstari wa 10 unataja miaka 70! Wengi waliosomewa wangefia hukohuko. Halafu mstari wa 5 unawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani. Hapo ndipo nilipotoa nguo kwenye mabegi, nikaanza kujifunza lugha yao, nikaingia kwaya. Hofu ilipungua, lini hasa siwezi kusema.

#4
Amina. Nafuatilia.

#5
Niwapinge kidogo wanaosema kuogopa ni dhambi. Nabii Eliya alimkimbia malkia Yezebeli aliyetaka kumwua, akaomba afe (1 Wafalme 19). Mungu hakuanza kwa kumkemea. Malaika alimletea mkate na maji, akala, akalala tena, akaamshwa ale tena. Mtoa mada, usingizi ukiendelea kukukimbia nenda ukamwone daktari, wokovu haupungui. Nilipokuwa nasubiri majibu ya vipimo, mchungaji wangu alikuja na chakula, hakuhubiri. Majibu hayakuwa mazuri na dawa nameza mpaka leo. Wengine husubiri wapone ndipo washuhudie. Mimi natoa ushuhuda hivi hivi nilivyo.

#6 (mtoa mada)
Mkuu #5, la daktari nimelichukua. Dada #2, ilikuchukua muda gani kuomba tena kwa maneno yako mwenyewe?

#7 (kutoka #2)
Tarehe siikumbuki. Nilikuwa jikoni namlalamikia Mungu kwa sauti, kwa hasira kabisa, mwanangu akauliza "mama, unaongea na nani?" Ndiyo nikajua nimeanza kuomba. Nimekuandikia faragha, nijibu tupange muda wa kuomba pamoja.