Nakwenda Kushiro, Japani. Jaketi nichukue hapa au ntanunua huko?

Kijana wa Wete: Asalaam alaykum wanabaraza. Nimepata mafunzo ya mambo ya uvuvi mji unaitwa Kushiro, uko Hokkaido huko juu Japani, naondoka mwisho wa mwezi wa 6 narudi wa 2 inshallah. Sasa mie kwenye ramani naona mji uko ufukweni kabisa, nikasema basi kiangazi chao kitakuwa joto kama kwetu, jaketi ntalitafuta huko ikifika Novemba. Kaka angu anasema huko theluji inafika madirishani. Nani kweli? Begi lenyewe kilo 23 na mama ashatia halua humo.

Baharia Mstaafu: Waalaykum salaam mwanangu. Jaketi nunua hapa hapa Darajani kwenye mitumba, tena ulivae unaposhuka. Mie meli yetu iliingia Kushiro Julai, nna shati la mikono mifupi, nikatetemeka mbele za watu. Weye unadhani bahari italeta joto, kule bahari ndo inayoleta baridi. Kuna mkondo unateremka kutoka kaskazini wanauita Oyashio, maji yake baridi na unapita karibu na pwani, sasa kusi lao likivuma na unyevu wa joto likagusa yale maji linageuka ukungu, na ukungu wenyewe si wa asubuhi tu ukaondoka, unaweza kukaa siku nzima mji hauoni jua. Agosti wastani nyuzi 18 hivi, kipupwe chetu utakitamani. Lakini mkondo huohuo ndo riziki yao, una chakula kingi cha samaki, bandari ile kubwa kwa dagaa na wengineo.

Mama Chwaka: Ami kasema kweli ila kuhusu theluji kaka ako kachanganya miji. Theluji ya madirishani ni upande wa magharibi, Otaru na kwengine huko. Upepo wa baridi unatoka Siberia unavuka Bahari ya Japani unabeba unyevu, ukigonga milima unaumwaga wote hukohuko, Kushiro iko nyuma ya milima inapata upepo mkavu. Yaani kichekesho, jua utaliona vizuri zaidi Januari kuliko Julai! Ila usidanganyike na jua hilo, usiku unashuka karibu 10 chini ya sifuri, barabara barafu tupu, viatu viwe na meno. Na ukipata siku nenda kinamasi cha Kushiro Shitsugen, ndo kikubwa kuliko vyote Japani, kuna korongo wenye utosi mwekundu, zamani watu walidhani wamekwisha mpaka 1924 wakaonekana tena wachache humo.

Sheikh Mdogo: Hamjamwambia habari ya saa. Mwezi wa 6 jua linatoka saa 10 kasorobo alfajiri, Disemba jua linazama saa 10 kasorobo jioni. Kwa hiyo ukifika tu, Alfajiri inaingia usiku mkubwa, na Disemba Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zinafuatana mbiombio ukiwa bado kazini. Ongea na wakubwa wako mapema.

Kijana wa Wete: Ahsanteni sana. Jaketi nishapata, zito kweli, halua imebidi itolewe nusu na mama kanuna.

Baharia Mstaafu: Toa suruali, halua rejesha.